Chatu Wawili katika Kompyuta Moja

Katika nyumba ya Mwalimu Baki palikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyewahi kuitangaza: anayeondoka mahali humwandalia anayekuja. Aliyemimina maji ya mwisho ya birika alilijaza tena kabla ya kutoka jikoni. Aliyeingia akavua viatu aliviacha vikitazama nje, vyake na vya wenzake, ili atakayetoka atumbukize miguu tu. Mkewe, ambaye majirani na wateja walimwita Fundi, hakuinuka kwenye cherehani kabla ya kutunga uzi katika sindano, hata pale alipojua kwamba atakayeketi baada yake ni yeye mwenyewe. Hakuna aliyemshukuru mwenzake kwa mambo hayo, na hakuna aliyengoja kushukuriwa.

Katika nyumba hiyo ndimo alimohamia mkazamwana wao, mke wa mwana wao wa pekee, mumewe alipopelekwa kikazi mbali kwa miezi kadhaa. Alikuja na sanduku la nguo, maboksi ya vitabu, na kompyuta ya mkononi iliyokuwa imekufa njiani bila hata kuagana. Alikuwa anamalizia tasnifu yake ya chuo kikuu: programu ya kumtambua ndege kwa kusikiliza sauti yake. Wasimamizi wake walitaka kuiona ikifanya kazi mwisho wa mwezi. Maabara ya chuo ilikuwa na foleni ndefu kuliko ya kliniki, na kompyuta zake zilizimwa kila jioni, hata kama mtu alikuwa katikati ya hesabu. Tumaini lake likabaki kwenye kompyuta moja tu, ile iliyokaa chini ya dirisha la karakana ya mapazia, kati ya meza ya kukatia na rafu za vitambaa.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya baba mkwe wake. Mwalimu Baki alikuwa amefundisha hesabu tangu ujana wake hadi alipostaafu, na jina lake la utani alilipata darasani, kwa kuwa hakuwahi kupokea jibu la kugawanya bila kuuliza, "Na baki?" Hata mwanafunzi ambaye hesabu yake iligawanyika sawasawa alitakiwa asimame wima na kusema, "Baki sifuri, Mwalimu." Alipostaafu aliingia katika karakana ya mkewe kama mkuu wa vipimo, cheo alichojipa mwenyewe, na akaandika programu ya kupangia marinda ya mapazia. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta yenye jina la nyoka mkubwa, ambayo nyumbani waliiita Chatu. Mwalimu aliandika juu ya faili urefu wa reli na upana wa rinda moja. Programu iligawanya, ikataja idadi ya marinda, kisha ikachukua kilichobaki na kukipasua nusu kwa nusu kwa ajili ya kingo mbili za pazia. Karatasi ikitoka kwenye printa, Fundi huikata nguo kama ilivyoandikwa.

Tatizo lilikuwa umri wa Chatu huyo. Lilikuwa toleo la zamani, na zana ambazo mkazamwana alizihitaji kwa ndege wake zilitaka toleo jipya.

"Baba," alianza siku ya pili tu baada ya kufika, mikono ameifumbata mbele, "Chatu uliye naye ni mzee. Zana zangu hazimkubali."

"Hazimkubali au hazimheshimu?"

"Vyote viwili, Baba."

"Kwa hiyo umng'oe, umweke mwingine, na programu yangu ikifa nani ataizika?"

"Simng'oi. Nitamweka kijana pembeni yake. Kompyuta moja inabeba matoleo mawili bila shida."

Fundi alikuwa amebana pini midomoni, lakini pini hazijawahi kumzuia kusema. "Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Hawa ni chatu, Mama."

"Ndiyo nasema. Fahali angalau unamsikia akija."

Mwalimu Baki aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Ndivyo alivyotangaza matokeo ya mitihani enzi zake. "Sawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tuelewane, mwanangu. Mgeni akimng'ata mwenyeji hata mara moja, mgeni anahama. Na akihama yeye, wewe na ndege wako mtatafuta mti mwingine wa kutua."

Alisema hayo huku akitabasamu, na mkazamwana akatabasamu pia, ila hakudanganyika. Mumewe alikuwa amemsimulia zamani kwamba Mwalimu Baki alipata kumpa sifuri mwanawe mwenyewe darasani, kisha akampa pole kwa dhati mezani wakati wa chakula. Mzee huyo alipenda watu na alipenda masharti, na hakuwahi kuona kwa nini kupenda kimoja kumzuie kupenda kingine.

Basi alisakinisha toleo jipya kwa uangalifu, kama mtu anayepitisha kabati katika chumba chenye mtoto aliyelala. Ili mzee asisumbuke, alitengeneza amri moja fupi: *geuza*. Mtu akiiandika, Chatu aliyekuwa kazini hutoka na mwenzake huingia, na kompyuta hujibu neno moja tu, *Tayari*. Aliona ni adabu kutomchosha mzee kwa maelezo marefu. Hakufikiria kwamba neno *Tayari* halisemi ni nani aliye tayari.

"Ukikaa, Baba, andika *geuza*. Mzee ataingia. Fanya kazi zako, inuka, basi."

"Nikiinuka nageuza tena."

"Si lazima. Nitageuza mwenyewe."

"Nikuachie joka langu kitini uanze kuhangaika nalo asubuhi? Wewe umelelewa wapi?"

Mambo yakaenda hivyo, na yakaenda vizuri. Asubuhi ilikuwa ya ndege, alasiri ilikuwa ya mapazia. Mwalimu aliketi, akageuza, aliinuka, akageuza. Mkazamwana kila asubuhi alimkuta Chatu kijana amekaa anamngoja. Karakana ilijaa milio ya njiwa, korongo na kware, na Fundi akawa anabishana na kompyuta huku anakanyaga cherehani.

"Huyo si njiwa!"

"Programu inasema njiwa, Mama."

"Mwambie arudie. Njiwa gani analia kama ana mkopo?"

Jambo lenyewe lilianzia kwenye pindo la gauni. Mkazamwana alikuwa amechana pindo la gauni lake la buluu kwenye msumari wa rafu na hakumwambia mtu. Alipokwenda kwenye cherehani kulishona, alikuta sindano imetungwa uzi wa buluu ile ile, wakati mapazia yote yaliyokuwa mezani siku hiyo yalikuwa ya rangi ya maziwa. Fundi alikuwa sokoni. Mkazamwana alisimama hapo kitambo, gauni mkononi. Aliwaza kuhusu birika, viatu na uzi, kisha akatazama kiti cha kompyuta ambacho kila siku aliinuka na kukiacha kama alivyokikuta. Katika nyumba nzima, mtu pekee aliyeandaliwa bila kuandaa alikuwa yeye.

Adhuhuri ya siku hiyo, kabla ya kuinuka, aliandika *geuza* ili baba mkwe wake amkute Chatu mzee tayari kitini. Hakumwambia. Kutangaza wema wa namna hiyo katika nyumba ile kungekuwa utovu wa adabu.

Kesho yake asubuhi programu ya ndege ilikataa kufanya kazi na kumwaga makosa skrini nzima. Alipochunguza alikuta Chatu mzee ndiye aliye kazini. "Baba amesahau kugeuza," alijiambia, akageuza mwenyewe, akaendelea. Siku iliyofuata ikawa hivyo tena, na iliyofuata pia. Moyo ukaanza kumwuma. Babu yake mzaa mama alianza hivyo hivyo: kwanza alisahau taa, kisha alisahau majina. Aliamua kumsitiri mzee. Hakusema neno, si kwake, si kwa Fundi, wala kwa mumewe kwenye simu. Alichofanya ni kuanza kumletea miwani kabla hajaitafuta, kumkumbusha leo ni siku gani, na kuzungumza naye polepole kwa sauti ya juu.

Mwalimu Baki aliliona hilo na likamshangaza. "Mkeo ni mtu mwema sana," alimwambia mwanawe kwenye simu, "lakini siku hizi ananisemesha kama nipo ng'ambo ya mto."

Ilikuwa katika wiki hiyo hiyo ambapo shule moja ya jirani iliagiza pazia jipya la jukwaa la ukumbi wake, kazi pekee iliyohitaji vipimo vipya wiki hiyo. Lilikuwa pazia la mbawa mbili, zito, jekundu lililokolea, la kufunguka katikati. Wanafunzi walikuwa na igizo Jumamosi, na mwalimu wao wa maigizo alikuwa amekwisha kuwaalika wazazi. Mwalimu Baki alipima reli mwenyewe: sentimita mia nne themanini na saba kila ubawa. Rinda moja lilikuwa la sentimita kumi na tisa. Aliketi, akaandika *geuza*, akaweka vipimo, akangoja. Karatasi ilitoka ikisema: marinda ishirini na matano, ukingo sifuri.

Alipiga kofi. "Mke wangu! Njoo uone! Baki sifuri!"

"Sifuri kabisa?" Fundi aliuliza.

"Imegawanyika kama imechongwa. Hii hutokea kwa nadra, ujue. Kwa nadra mno."

"Mara moja moja Mungu hushika utepe mwenyewe," Fundi alisema, akauchukua mkasi.

Kwa hiyo nguo ilikatwa bila nyongeza ya kingo, ikashonwa, ikapigwa pasi, ikabebwa hadi ukumbini siku mbili kabla ya igizo. Mkazamwana alikwenda nao kubeba kulabu. Wanafunzi walikuwa wanafanya mazoezi nyuma ya jukwaa. Fundi alipanda ngazi akaning'iniza ubawa wa kushoto, kisha wa kulia, akashuka, akavuta kamba. Mbawa mbili zikateleza zikielekeana, taratibu, kwa fahari, kisha zikasimama.

Hazikukutana. Katikati palibaki upenyo wa shubiri moja na kidogo, na katika upenyo huo alionekana mfalme wa igizo, taji kichwani, akirukaruka kwa mguu mmoja huku anaingiza mwingine kwenye suruali.

Mfalme aliona anaonekana, akapiga yowe, akatoweka. Ukumbi ukacheka. Mwalimu wa maigizo alikuja mbele mikono kiunoni, akalitazama pazia, akawatazama watu watatu walioshikilia kulabu.

"Ni pazia zuri sana," alisema. "Kasoro yake ni kwamba linaonesha."

"Vuta vizuri hiyo kamba," Mwalimu Baki alimwambia mkewe.

"Nimevuta mpaka bega limelia. Nguo imeisha." Fundi alikuwa tayari amekwisha kupima. "Kila ubawa umepungua kumi na mbili. Mimi nimekata kama karatasi ilivyosema."

Mwalimu Baki alitoa chaki mfukoni, akapiga magoti kwa shida, na kwenye sakafu ya jukwaa akaigawanya mia nne themanini na saba kwa kumi na tisa, hatua kwa hatua. Ishirini na tano. Baki kumi na mbili. Sita kwa ukingo huu, sita kwa ukingo ule. Alibaki ameinamia namba hizo muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Mia nne themanini na saba," alisema mwishowe, "ni namba tasa. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe. Mtu yeyote niliyemfundisha angejua kwamba haiwezi kutoa baki sifuri. Mimi nilipiga kofi." Kisha aliinua macho, akamtazama mkazamwana wake. "Kompyuta haijawahi kunidanganya miaka yote hii. Mgeni ameng'ata."

Mkazamwana aliweka kulabu chini. Alijua mara moja kilichotokea, au sehemu yake. Chatu mzee akigawanya namba kamili hutoa jibu kamili na kuliacha baki pembeni, na hilo ndilo programu ya Mwalimu ililolilenga. Chatu kijana hugawanya mpaka nukta za mwisho, haachi kitu. Kwake kilichobaki ni sifuri siku zote, ingawa karatasi huchapa idadi ya marinda bila desimali. Programu nyingine ya zamani ingekwama papo hapo mikononi mwa kijana kwa sababu amri zake za kuchapa zimeandikwa bila mabano, naye huyataka. Lakini Mwalimu Baki alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu haandiki kitu bila kukitia mabano. Programu yake ilikubalika kwa wote wawili, nayo ilijibu kila mmoja kwa unyenyekevu ule ule, majibu tofauti. Alichoshindwa kukielewa mkazamwana ni namna Chatu kijana alivyofika kitini alasiri.

Walirudi nyumbani, pazia limekunjwa mabegani mwao kama mgonjwa. Walipoingia karakanani Mwalimu hakuketi.

"Kesho asubuhi umwondoe, mwanangu. Nasikitika. Kweli nasikitika."

Alikuwa anasikitika, ilionekana. Ndilo lililomtisha zaidi mkazamwana: mtu mwenye hasira huweza kupoa, lakini huyu alikuwa amekwisha kupoa. Aliwaza foleni ya maabara na mwisho wa mwezi uliokuwa unakuja mbio.

"Nitamwondoa, Baba," alisema. "Lakini kabla ya hapo nina ombi. Kaa, ufanye kama ulivyofanya siku ile. Tangu mwanzo kabisa. Mimi nitasimama nyuma yako tu."

"Mtu akisimama nyuma yangu nakosea."

"Baba, umesimama nyuma ya watu miaka mingapi?"

Fundi aliguna kwa kicheko. Mwalimu Baki alivuta kiti, akaketi, na hata kabla hajaivaa miwani vidole vyake vikaandika *geuza*. *Tayari*, kompyuta ikajibu.

"Mbona umegeuza?" mkazamwana aliuliza.

"Umesema utasimama tu."

"Nisamehe. Lakini mbona umegeuza?"

"Si wewe uliyenifundisha? Nikikaa, geuza. Nikiinuka, geuza. Sijaacha hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Mimi? Nisahau?"

Mkazamwana alijikalisha juu ya bunda la kitambaa. "Baba, mimi leo nilipoinuka nilikugeuzia. Na jana. Na siku ile ya pazia. Wiki nzima nimekuwa nakugeuzia."

"Kunigeuzia kwa nini?"

"Ili usihangaike. Ukute mzee wako yuko tayari."

"Nani alikutuma?"

"Nyumba hii, Baba."

Mwalimu Baki alinyoosha kidole hewani akaanza kufuatilia jambo hilo kama mtu anayefuatilia hesabu ubaoni. "Yaani wewe unamwingiza mzee. Nami naja, namtoa. Nafanya kazi na kijana bila kujua. Kisha naondoka, kwa adabu zangu, nakurudishia..."

"Mzee."

"Na asubuhi ukikaa unamkuta mzee. Na hukusema kitu?"

Hapo mkazamwana alitamani ndege mmojawapo alie ili maneno yapotee. "Nilidhani umesahau, Baba."

"Nimesahau nini?"

"Kugeuza. Nilidhani labda... umri."

Fundi alitema pini zote kiganjani, kwa kuwa kicheko kilichokuwa kinakuja kilikuwa cha hatari kwa mtu mwenye pini mdomoni, akacheka mpaka akaegemea meza ya kukatia. "Kumbe ndiyo maana alikuwa anakupazia sauti! 'Baba! Leo! Ni! Jumanne!'"

"Nami nilidhani masikio yake mwenyewe yana nta," Mwalimu alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Nilimhurumia. Nilikuwa najibu kwa sauti ya juu ili anisikie!"

"Nilijiuliza mbona na wewe unapaza," mkazamwana alisema, na hapo wote watatu wakashindwa kujizuia.

Kicheko kilipokwisha, Mwalimu Baki aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mkazamwana alijua maana yake na akasimama.

"Sharti lilikuwa mgeni asimng'ate mwenyeji," mzee alisema. "Hakumng'ata. Mimi nilimkalisha kitini nikampa kazi ya mwenzake, naye akaifanya anavyojua. Basi sharti halikuvunjwa. Anabaki, na wewe unabaki. Lakini kugeuzageuza huku sikutaki tena. Mtu akiwa na haraka tutakosea, na tukiwa na adabu tutakosea zaidi."

Jioni ile, kabla ya chakula, mkazamwana aliifuta amri ya *geuza*. Badala yake aliingia katika folda ya mapazia akaweka faili dogo lenye mstari mmoja, likisema ni Chatu yupi anayeishi humo. Akafanya vivyo hivyo katika folda ya ndege. Mtu akiingia folda yoyote, kompyuta husoma mstari huo kwanza na kumwita mwenyeji wa chumba. Hakuna wa kumwingiza wala wa kumtoa.

"Ni kama vyumba," alimweleza baba mkwe wake. "Kila mmoja na chake. Huhitaji kunikumbuka, na mimi sihitaji kukukumbuka."

Mwalimu Baki alikijaribu chumba cha mapazia: ishirini na tano, ukingo sita. Akaingia cha ndege, akatoka, akarudi cha mapazia kwa ghafla, kama mwalimu anayerudi darasani alilojifanya ameliacha. Sita. Akaridhika, ila hakuinuka.

"Niambie jambo moja. Huyu kijana, akitaka kuacha baki, hawezi?"

"Anaweza. Ila lazima umwambie. Alama ya kugawanya ni mstari mmoja wa mshazari. Ukiweka miwili, anajua unataka jibu kamili na baki likae pembeni. Mzee naye anaielewa mistari miwili. Ukiiandika hivyo, wote wawili watakupa jibu moja."

"Kwa hiyo mzee anaacha kitu kimyakimya, na kijana anataka useme unachokiacha."

"Ndiyo, Baba."

Mwalimu Baki alifikiri. Programu inayofanya kazi haiguswi. Alikuwa amelisema hilo mara nyingi kiasi kwamba Fundi alizoea kumalizia sentensi. Sasa alivuta kibodi karibu, akautafuta mstari wa kugawanya, na kwa kidole kimoja akaongeza mshazari wa pili. Aliandika upya pia palipopasuliwa ukingo, akaihifadhi kazi.

"Basi mzee tumwondoe?" mkazamwana aliuliza.

"Ala! Mzee atoke kwa sababu gani? Humu mna mazoezi ya wanafunzi wangu ya miaka na miaka, yaliyoandikwa bila mabano, ambayo kijana wako hayawezi hata salamu. Abaki chumbani kwake. Nimeongeza mstari, sijafukuza mtu."

Fundi alikuwa na kitambaa chekundu cha kutosha kwenye bunda lile lile. Alifumua rinda la pembeni la kila ubawa, akaingiza kipande, akakificha ndani ya mkunjo kwa namna ambayo hata yeye kesho yake alilazimika kukipapasa ili akione. Jumamosi mbawa ziligusana na kulaliana kidogo, na mfalme akavaa suruali yake kwa faragha inayostahili cheo chake.

Ndani ya nyumba mambo mengine hayakubadilika, isipokuwa kwamba Mwalimu Baki alitoa tangazo rasmi mezani. "Kwenye kompyuta ile, kuanzia leo, ni marufuku watu kutendeana wema bila kuambiana."

"Wema hauozi," Fundi alisema.

"Ule ulioza. Nimeuona kwa macho yangu kupitia upenyo wa shubiri moja."

Mwisho wa mwezi ulipofika, wasimamizi wa mkazamwana walikubali kuiona programu kwa njia ya video, yeye akiwa kwenye kiti chake chini ya dirisha. Mwalimu Baki alikaa kwenye kona bila kupumua kwa sauti. Fundi alikuwa ameombwa asishone, lakini alikuwa na mteja wa saa sita, na alidhani kukanyaga polepole si kushona. Programu ilimtambua njiwa. Ikamtambua korongo. Ikamtambua kware, hata pale waliposogeza sauti yake mbali. Kisha cherehani ikagongagonga kidogo kando ya ukuta, na bila kusita, mbele ya maprofesa watatu, skrini ikaandika: *kigong'ota*.

Kicheko kikasikika kutoka upande wa pili. Walizungumza kidogo peke yao, wakarudi, wakampa jibu. Mkazamwana aliizima kamera, akageuka.

"Wamesemaje?" Fundi aliuliza, mguu ungali kwenye kanyagio, uso umejaa hatia.

"Wameipitisha, Mama. Ila wanataka niongeze ukurasa mmoja kueleza kwa nini cherehani yako ni ndege."

"Wewe waandikie ukweli," Fundi alisema, akaurudisha mguu kazini kwa nguvu zote sasa. "Waambie nimeishi naye miaka thelathini na sijawahi kumwona akiruka."